Hesabu ya Tajiri na Afya ya Dereva
(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama wanachama)



Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo humliwaza kila mtu atokwaye na jasho, kwa kumwahidi kwamba taabu ya leo itazaa raha ya kesho. Hata hivyo, katika jiji la Dar es Salaam lipo kundi kubwa la watu wanaochuma juani kila siku, lakini kivuli chenyewe hawakifikii. Hao ni madereva wa daladala. Dereva huingia katika kazi hiyo akiwa kijana mwenye nguvu. Siku anapoiacha, aghalabu huondoka bila pensheni na bila kiinua mgongo, na mgongo wenyewe ukiwa umekwisha kuchakaa.

Huenda mjumbe akajiuliza: afya ya dereva wa mjini inahusiana nini na vitabu vya chama cha ushirika? Jibu ni kwamba inahusiana sana. Daladala nyingi hununuliwa na watu wa kipato cha kati: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wadogo na wastaafu. Watu wa namna hiyo ndio wanachama wa vyama vya akiba na mikopo. Mwanachama akopapo fedha za chama na kununua basi dogo, huwa amekuwa mwajiri, na kwa lugha ya stendi huitwa "tajiri". Tangu siku hiyo, rejesho la mkopo wa chama hutoka mikononi mwa dereva. Dereva akianguka, rejesho huanguka naye.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni matatu: kueleza jinsi dereva wa daladala anavyoishi na jinsi maisha hayo yanavyoudhuru mwili wake, kuonyesha chanzo cha madhara hayo, na kutaja wajibu wa vyama vya ushirika katika jambo hili.

USAFIRI HUU ULIVYOANZA

Usafiri wa abiria jijini Dar es Salaam ulikuwa mikononi mwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, tangu mwaka 1974. Madereva na makondakta wa shirika hilo walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Idadi ya watu jijini ilipoongezeka, mabasi ya shirika hayakutosha, na mwaka 1983 Serikali iliruhusu watu binafsi kupakia abiria. Inaelezwa kwamba jina la daladala lilitokana na "dala", jina la mitaani la sarafu ya shilingi tano, ambayo ndiyo iliyokuwa nauli.

Hapana mtu mwenye haki anayeweza kukana manufaa ya daladala. Zimewafikisha watu kazini, sokoni na hospitali kwa miaka zaidi ya arobaini. Tangu Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yamekuwa yakipita katika Barabara ya Morogoro, lakini mitaa mingi ya pembeni bado huzitegemea daladala. Pamoja na manufaa hayo, mageuzi ya mwaka 1983 yalileta jambo moja ambalo halikuzungumzwa sana: mshahara wa dereva uliondoka, na mahali pake pakaingia hesabu.

Hesabu ni fedha maalumu ambayo dereva humpelekea tajiri kila jioni. Kiasi chake hakibadiliki. Mvua ikinyesha, foleni ikiwa ndefu, au gari likipata pancha mara mbili, hesabu ni ile ile. Mafuta hulipwa na dereva kutoka katika mapato ya siku. Kinachobaki baada ya mafuta, hesabu na gharama za njiani ndicho chakula cha dereva na konda wake.

SIKU MOJA YA DEREVA

Dereva wa njia ndefu, kwa mfano ya kutoka Mbagala au Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, huamka kama saa tisa na nusu usiku ili aliwahi gari mahali linapolazwa. Saa kumi na moja alfajiri huwa yuko stendi akisubiri abiria wa kwanza. Chai huinywa akiwa amekaa kwenye usukani, pamoja na chapati au maandazi. Huenda na kurudi mchana kutwa, katika joto la jiji na joto la injini, huku akishindana na wenzake kuwahi abiria wa kituo kinachofuata. Chakula cha mchana hukipata saa tisa au saa kumi, nacho mara nyingi ni chipsi mayai na soda, kwa kuwa hivyo huliwa upesi. Jioni abiria ni wengi na foleni ni kubwa. Saa tatu usiku ndipo anapofunga hesabu, naye hulala saa tano au saa sita. Kesho yake huanza tena.

Kwa kuwa hana likizo, dereva anayezidiwa na uchovu humwachia usukani "deiwaka", yaani mtu anayeshinda kijiweni akingoja kuendesha gari la mwenzake kwa nusu siku. Deiwaka naye hana mkataba na tajiri, na wala tajiri hamjui. Hivyo gari lililonunuliwa kwa mkopo wa chama laweza kuwa mikononi mwa mtu ambaye mwenye gari hajapata kumwona.

MADHARA YANAYOUPATA MWILI

Kwanza ni kukaa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji la London. Waliwalinganisha madereva na makondakta, watu wa tabaka moja, waliofanya kazi katika gari moja. Ilionekana kwamba madereva, ambao walikaa kutwa, walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa wingi zaidi kuliko makondakta, ambao walipanda na kushuka ngazi mchana kutwa wakikata tiketi. Uchunguzi huo ulikuwa miongoni mwa zile za mwanzo zilizoufundisha ulimwengu kwamba mwili usiotembea hujidhuru wenyewe. Konda wa daladala anayekimbia na kuruka mlangoni anazo hatari zake za kuanguka na kugongwa. Lakini dereva aliye mbele yake anayo hatari isiyoonekana, naye huibeba miaka mingi bila kujua. Zaidi ya hayo, mtikisiko wa gari katika barabara mbovu huuumiza uti wa mgongo, hasa sehemu ya kiuno.

Pili ni chakula. Chipsi za kukaanga, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu vina mafuta, chumvi na sukari kupita kiasi ambacho mtu aliyekaa anaweza kukitumia. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Mtu anayekula kwa haraka njiani hawezi kuipima chumvi yake. Matokeo yake ni unene wa tumbo, kisukari, na shinikizo la damu.

Tatu ni maji na haja. Dereva wengi huepuka kunywa maji kwa sababu hakuna nafasi ya kwenda msalani. Choo cha stendi hulipiwa, foleni ya abiria haingoji, na katikati ya barabara hakuna mahali pa kushukia. Wengine huzuia haja ndogo kwa saa nyingi, na wengine huweka chupa chini ya kiti. Katika joto la pwani, mwili usiopata maji hukauka, mkojo huwa mzito, na njia hufunguka kwa vijiwe vya figo na maambukizi ya njia ya mkojo.

Nne ni moshi. Mwezi Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Dereva huuvuta moshi huo tangu alfajiri hadi usiku, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya joto. Mwendesha bodaboda huuvuta zaidi, kwa kuwa hata kioo cha kumkinga hana.

Tano ni usingizi, nao ndio ulio mkubwa kuliko yote. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Basi na ihesabiwe: aliyeamka saa tisa na nusu usiku hutimiza saa 17 ifikapo saa mbili na nusu usiku, naye bado yuko barabarani na gari limejaa. Hajaonja pombe, lakini mikono yake ni ya mlevi. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akisinzia sekunde tatu tu, gari huwa limekwenda mita zaidi ya 40 bila mwenyewe.

Sita ni vile vitu ambavyo dereva hutumia ili kuyafunika hayo yote. Wako wanaotafuna mirungi, ingawa imekatazwa na sheria ya nchi. Wako wanaokunywa kinywaji cha kuongeza nguvu baada ya kinywaji. Wako waliozoea pombe kali za viroba mpaka Serikali ilipozipiga marufuku Machi 2017, na baadhi yao wakahamia katika chupa. Kwa ajili ya mgongo, hununua vidonge vya maumivu dukani bila kumwona daktari. Dawa za jamii ya diklofenaki zikitumiwa kwa muda mrefu namna hiyo zaweza kupandisha shinikizo la damu na kuyadhuru matumbo na figo. Usiku hunywa pombe ili apate usingizi, lakini usingizi wa pombe ni wa mang'amung'amu, na alfajiri huamka amechoka vile vile.

CHANZO CHA MADHARA

Ni desturi ya watu kusema kwamba madereva ni watu wasiojali, walevi, wenye matusi na wenye haraka. Semina nyingi zimefanywa kuwaambia wapumzike, wale mboga, wafanye mazoezi. Maneno hayo ni mazuri, lakini hayaingii katika maisha ya mtu wa hesabu. Mkaguzi hasomi maneno pembeni mwa daftari akaacha tarakimu. Basi hapana budi tarakimu zisomwe.

Na ichukuliwe kwa mfano kwamba basi dogo, baada ya kutoa mafuta, hubakiza sh. 8,000 kwa kila saa ya kazi. Hesabu ya tajiri ni sh. 80,000. Gharama za njiani, yaani wapiga debe, kuosha gari, pancha na chakula, ni sh. 16,000. Dereva huanza saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi za mwanzo hufanya kazi ya kupata hesabu ya tajiri, na saa hizo humalizika saa tisa mchana. Saa mbili zinazofuata hulipa gharama za njiani. Ifikapo saa kumi na moja jioni, dereva amefanya kazi saa 12 kamili, na mfuko wake hauna hata senti moja iliyo yake.

Kuanzia hapo ndipo anapojifanyia kazi mwenyewe. Akiendesha mpaka saa tatu usiku, atapata saa nne, yaani sh. 32,000. Agawane na konda: dereva achukue sh. 18,000 na konda sh. 14,000. Kiasi kitakuwa tofauti katika kila njia na kila gari, lakini mpango ni huo huo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Saa za asubuhi, dereva akiwa na nguvu, ni za tajiri na za mafuta. Saa za usiku, mwili ukiwa umechoka kuliko wakati wowote, ndizo za dereva na watoto wake. Kumwambia apumzike jioni ni kumwambia arudi nyumbani mikono mitupu. Kumwambia ashuke ale chakula kizuri kwa nusu saa ni kumtoza sh. 4,000. Kwenda kupimwa hospitali kwa siku moja ni kupoteza siku nzima, na pengine kupoteza gari, kwa kuwa deiwaka aliyeshika usukani kwa siku moja aweza kupendwa na tajiri na kubaki nao. Kwa hiyo mwenendo mbaya wa dereva hauna budi kutazamwa kama alama ya ugonjwa, na ugonjwa wenyewe umo katika mpango wa fedha.

Sheria haikulisahau jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka kazi ya kawaida kuwa saa zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na hata pamoja na saa za ziada mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Mkataba Na. 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, uliweka kipimo cha kimataifa kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku, na apate angalau saa 10 mfululizo za mapumziko. Lakini dereva wa hesabu aghalabu hana karatasi yoyote ya ajira. Tajiri husema, "Nimemkodisha gari," na dereva husema, "Ninajitafutia." Kati ya maneno hayo mawili, sheria hukosa pa kushika.

WAJIBU WA VYAMA VYA USHIRIKA

Chama cha ushirika hakina mamlaka ya polisi wala ya mahakama. Kina kitu kimoja chenye nguvu zaidi katika jambo hili, nacho ni mkopo. Kwa hiyo yafuatayo yanapendekezwa.

(a) Kamati ya mikopo iulize. Mwanachama anapoomba mkopo wa kununua basi, bajaji au pikipiki ya abiria, kamati huuliza dhamana, mshahara na wadhamini. Iongeze maswali matatu: Hesabu itakuwa kiasi gani kwa siku? Dereva atafanya kazi saa ngapi? Mkataba wake wa maandishi uko wapi? Mwombaji asiyeweza kujibu maswali hayo hajajua biashara anayoikopea. Gari ndilo dhamana ya chama, na dhamana inayoendeshwa na mtu aliyesinzia ni dhamana dhaifu.

(b) Muda wa rejesho upimwe. Mkopo wa sh. 24,000,000 ukirejeshwa kwa miezi 24, fedha ya msingi peke yake ni sh. 1,000,000 kila mwezi, yaani kama sh. 38,500 kwa kila siku ya kazi, siku 26 zikihesabiwa katika mwezi. Ukirejeshwa kwa miezi 36, ni kama sh. 25,600 kwa siku. Tofauti ni karibu sh. 12,900. Katika mfano uliotangulia, fedha hiyo ni sawa na zaidi ya saa moja na nusu ya kazi ya dereva. Ni kweli kwamba muda ukirefushwa riba huongezeka, na chama hukaa muda mrefu bila fedha zake. Kamati ipime pande zote mbili. Lakini ijue kwamba inapofupisha muda wa rejesho, mara nyingi si mwanachama anayelipa haraka hiyo. Anayelipa ni dereva, na hulipa kwa usingizi. Na pale ambapo muda umerefushwa kwa sababu hii, sharti la kupunguza hesabu liandikwe katika mkataba wa mkopo, isije nafuu ikaishia mfukoni mwa tajiri.

(c) Matajiri wenyewe waelimishwe. Kwa mfano ule ule, kila sh. 8,000 inayopunguzwa katika hesabu humrudisha dereva nyumbani saa moja mapema kwa kipato kile kile. Tajiri ataona kwamba amepoteza. Lakini na aweke katika mizani breki zinazokwisha kwa mbio za kugombea abiria, bodi linalogongwa, faini za barabarani, na siku ambazo gari hulala gereji bila kuingiza hata shilingi. Mwenye gari anayefuga haraka barabarani asishangae kukuta hasara uani. Wako pia wenye magari ambao hugawana mapato na dereva kwa mafungu badala ya kudai kiasi kisichobadilika. Mpango huo huhitaji uaminifu na daftari, na hayo mawili ndiyo mafunzo ya kwanza ya ushirika.

(d) Madereva wajiunge na wawe na mfuko. Dereva akiweka sh. 1,000 kila siku ya kazi, kwa siku 26 za mwezi ataweka sh. 26,000, na kwa mwaka sh. 312,000. Madereva arobaini watakuwa na sh. 12,480,000. Kila mmoja akilipwa sh. 18,000 kwa siku moja ya mapumziko kila mwezi, mfuko utamlipa sh. 216,000 kwa mwaka, na zitabaki sh. 96,000 za kumsaidia akiugua. Ni dhahiri kwamba mfuko kama huo haufanyi miujiza; siku moja kwa mwezi haitoshi, kwa kuwa kila mfanyakazi anastahili siku moja kila wiki. Lakini ni mwanzo, na haba na haba hujaza kibaba. Siku hiyo deiwaka awe ni mtu anayejulikana, aliyeandikishwa na chama, ili dereva apumzike bila hofu ya kunyang'anywa gari.

Mfuko huu usichanganywe na hisa wala na akiba. Uwe na akaunti yake, kitabu chake cha stakabadhi na taarifa yake katika mkutano mkuu. Mifuko ya kusaidiana mingi imekufa mjini, na aghalabu haikuuawa na ukosefu wa fedha. Iliuawa na fedha kuwekwa mfukoni mwa mtu mmoja mwenye nia njema. Kadhalika viongozi wawaeleze madereva kwamba Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, hupokea pia michango ya watu waliojiajiri wenyewe. Kwa njia hiyo dereva aweza kujiwekea akiba ya uzee hata kama tajiri hamchangii.

(e) Chama kiwe na kipimo. Shinikizo la damu haliumi. Mtu aweza kuwa nalo miaka kumi akiwa anaendesha gari na kucheka, mpaka siku mshipa wa kichwa unapopasuka. Kipimo cha mkononi cha shinikizo la damu ni chombo ambacho chama chenye wanachama wachache chaweza kukimudu. Kikiwekwa ofisini au stendi, dereva hupimwa kwa dakika tano akisubiri zamu yake ya kupakia. Ambaye vipimo vyake, kwa siku mbalimbali, vinafika 140 kwa 90 au zaidi, apelekwe kituo cha afya, na akipewa dawa asiziache kwa sababu amejisikia nafuu. Macho nayo yapimwe, hasa kwa waliopita miaka arobaini, pamoja na sukari ya damu na virusi vya UKIMWI.

(f) Elimu itolewe kwa vikundi. Wazee waliomo katika mkutano huu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kote nchini, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakatoka na kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kilichofanikisha kampeni ile ni kwamba kikundi kilisikiliza, kikajadili, kikaamua, na kikatenda. Kijiwe cha madereva ni kikundi tayari. Kina mahali, kina saa, na kina watu wanaojuana. Kinachokosekana ni mtu wa kuanzisha mazungumzo.

ANAYOWEZA KUFANYA DEREVA MWENYEWE

Wakati mipango hiyo ikisubiriwa, yapo mambo ambayo dereva aweza kuyaanza kesho bila kupoteza hata safari moja. Kila anapofika mwisho wa njia, ashuke, azunguke gari lake mara mbili tatu, na anyooshe mgongo. Atakuwa pia amekagua matairi. Abebe maji ya kunywa, na achague kituo kimoja cha kwenda haja kila safari. Amwombe mama lishe wa stendi amwekee wali au ugali na maharage, mchicha na samaki, kwa saa maalumu; chakula hicho hakizidi chipsi kwa bei, na mama lishe hupenda mteja wa uhakika. Asinunue vidonge vya mgongo kila wiki bila kumwona mganga. Na akiona kope zinalemea, asitafute kitu cha kutafuna. Aegeshe gari mahali salama alale dakika ishirini. Abiria watanung'unika, lakini watafika.

HITIMISHO

Ndugu Wajumbe, vyama vya ushirika duniani hufuata misingi saba iliyothibitishwa mjini Manchester mwaka 1995, na msingi wa saba ni kuijali jamii. Jamii hiyo haiko mbali. Ni dereva anayempeleka mwanachama kwenye mkutano mkuu, ni konda anayempokea mtoto wa mwanachama mlangoni akienda shule, ni abiria wote waliokabidhi roho zao kwa mtu aliyeamka saa tisa na nusu usiku.

Kila chama kina daftari la mikopo, na katika safu zake huandikwa kiasi, riba, rejesho na baki. Hakuna safu ya usingizi wa dereva. Lakini mkopo wa gari la abiria ukitolewa bila kuuliza swali hilo, deni jingine huandikwa mahali ambapo mkaguzi hafiki, nalo hulipwa na mtu ambaye hakutia sahihi. Vyama vinaombwa vianze na jambo jepesi: katika kikao kijacho cha kamati ya mikopo, ombi la kwanza la gari la abiria litakapowekwa mezani, mjumbe mmoja ainue mkono na kuuliza, "Dereva wake atalala saa ngapi?"